Bomba Nimelifunga

Mtoto alikuwa na siku kumi na nane duniani, na mikono yake ilikuwa baridi. Hilo ndilo lililomkosesha babu yake raha. Kila kulipokucha mzee alisimama nje ya chumba cha mkwewe, akakohoa kwanza kama ilivyo adabu ya baba mkwe, kisha akauliza, "Vidole vikoje?"

"Vina baridi kidogo, baba," mkwewe alijibu kutoka ndani. "Lakini ananyonya."

Hiyo "kidogo" ndiyo iliyomchoma. Kidogo kiasi gani? Maneno yasiyo na kipimo yalimkera tangu ujana wake. Miaka thelathini na moja alifanya kazi ya kusahihisha katika kiwanda cha uchapaji. Kila ukurasa, kabla haujapigwa chapa, ulipita mbele ya miwani yake na chini ya kalamu yake nyekundu. Siku moja alisimamisha mashine nzima kwa ajili ya koma moja iliyosahauliwa, na mpiga chapa mkuu, jasho likimtiririka, akamwambia mbele ya watu, "Wewe ndiye Koma mwenyewe. Ukitokea wewe, kazi yote inakoma!" Watu wakaangua kicheko, jina likaganda. Hata alipostaafu mtaa mzima ulimwita Mzee Koma, naye aliitika kwa fahari, maana jina kama hilo hapewi mzembe.

Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Nesi wa zahanati alimviringisha kwa blanketi, akamkabidhi kwa mama yake na kusema, "Huyu dawa yake ni joto. Asipigwe na baridi hata dakika moja." Baba wa mtoto, mwana pekee wa Koma, alikuwa mbali kwenye ujenzi wa daraja, na ruhusa hakupata. Alipiga simu, sauti ikikatikakatika. "Baba," alisema, "nimewaacha mikononi mwako."

Koma aliigeuza sentensi hiyo kichwani kila siku. Haikuwa na kosa hata moja, na ndiyo maana ilikuwa nzito.

Nyumba nayo ilikuwa jokofu. Bati juu, saruji chini, na msimu ule mawingu yalikaa juu ya mtaa kama godoro lililolowa. Basi Koma aliposikia kwamba nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni inavunjwa na vyombo vyake vinagawiwa, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alirudi anasukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni jiko la chuma: jeusi, la miguu minne, lenye tumbo kubwa, mlango wa mbele wenye kitasa cha shaba, na tundu nyuma la kuchomekea bomba la moshi.

Fundi wa bati alikuja Jumatatu kulifunga chumbani kwa mama na mtoto. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwepesi wa kupima kwa macho, jambo ambalo Koma hakuliamini hata kidogo. Alipoliona lile jiko alipiga mluzi.

"Mzee! Miaka sita tangu mama atutoke, kumbe ulikuwa unatafuta kimyakimya. Hatimaye umepata jiko!"

Mkwewe alificha kicheko kwenye kiganja. Koma hakucheka, ila masharubu yalimtikisika.

"Jiko ni neno lenye maana tatu, fundi. Wewe shughulika na ile ya kwanza. Umeshapima?"

"Nimepima."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa jicho."

"Jicho halina sentimita."

Fundi alipima upya kwa futi, huku akinung'unika. Walipanga matofali chini ili saruji isipasuke kwa moto, wakalivuta jiko mbali na ukuta kiasi cha urefu wa mkono, wakatoboa bati, wakapandisha kipande cha kwanza cha bomba. Kipande cha pili, kile cha kutokea juu ya paa, kilikuwa bado karakana. Koma alipoona mambo yanakwenda aliketi mezani na karatasi kubwa. Alikuwa amesoma kitabu kizima cha majiko maktaba, akanakili na michoro, na sasa alikuwa anaandika kwa herufi za kuchapa: KANUNI ZA JIKO.

Nyuma yake fundi alikuwa anapaka udongo kwenye maungio ya bomba. Akamwita mkwe.

"Njoo uone, mama mtoto. Hili ndilo la kujua kuliko yote." Akachana kipande chembamba cha karatasi, akakining'iniza mbele ya mlango wa jiko. "Jiko likiwaka, unashika karatasi hapa. Ikilala kwenda ndani, jiko linavuta, moshi unapanda zake. Ikilala kuja kwako, toka. Usiulize, usifagie, toka."

"Hata kama sioni moshi?"

"Hasa kama huoni moshi. Makaa hayana moshi, lakini yana kitu kibaya kuliko moshi, na hakina harufu."

Koma aliyasikia kwa mbali, akayaona ni maneno ya mafundi, akaendelea na kanuni ya tano. Zilipofika saba aliibandika karatasi ukutani, akamsomea mkwewe kwa sauti. Makaa yawashwe kwanza uani kwenye karai mpaka yawe mekundu. Majivu yatolewe kila siku yakiwa yamepoa. Nguo za mtoto zisianikwe juu ya bomba. Ya nne, dirisha lisifunguliwe jiko linapowaka. Ya tano, uvungu wa mlango uzibwe kwa blanketi. Ya sita, simu isitoe sauti mtoto anapolala. Na ya saba, jiko lisiguswe na mtu yeyote ila mwenye nyumba.

Mkwewe aliitazama karatasi kwa muda. "Baba, na hewa je?"

"Hewa gani?"

"Ya kupumua."

"Hewa ina njia zake, mwanangu. Sisi tunatafuta joto. Nesi alisema nini? Alisema hewa?"

"Alisema joto."

"Basi."

Mkwe aliinua jicho akalitazama tena lile dirisha.

Siku ya pili walikwenda zahanati kumpima mtoto uzito. Fundi hakuwa na simu, kwa kuwa ilikuwa imedumbukia kwenye pipa la maji wiki iliyopita, hivyo hakuna aliyejua angekuja saa ngapi. Waliporudi walikuta bomba limesimama juu ya paa, refu na jipya, na mlangoni kimechomekwa kipande cha boksi chenye maandishi ya makaa:

MZEE BOMBA NIMELIFUNGA VIZULI SABABU YA MVUA KOFIA BADO NAKUJA ARHAMISI

Koma alitabasamu kwa huruma. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Akageuza "vizuli" kuwa "vizuri", "Arhamisi" kuwa "Alhamisi", akatia koma baada ya "Mzee" na nukta baada ya "mvua". Makosa manne katika maneno kumi na moja, na mtu mzima huyo! Kisha akamsomea mkwewe toleo lililosahihishwa.

"Yaani?" mkwe aliuliza.

"Yaani bomba limefungwa, na limefungwa sawasawa, mvua haitapenya kwenye maungio. Imebaki kofia tu ya kuwekwa juu kabisa. Kesho kukiwa kukavu, tunawasha."

Jumatano kulikucha kukavu. Koma aliwasha makaa uani, akayapepea mpaka yakawa mekundu matupu, akayatia ndani ya jiko kwa koleo, akafunga ule mlango wa chuma kwa kitasa cha shaba. Hakukutoka moshi hata chembe. Akaketi kwenye kigoda kulitazama, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza hotuba. Joto likaanza kuja polepole. Alijikuta anasinzia, kichwa kizito, na akajilaumu kwa uzee. Baadaye mkwe alimsogezea mtoto, naye akashika kidole kimoja kwa ncha ya kidole chake.

Kilikuwa na joto.

"Vimepata moto!" alisema.

Nje, mawingu yalianza kujikusanya upande wa stesheni. Mvua ingeingia kwenye bomba lisilo na kofia na kuharibu kila kitu, na fundi asingekuja mpaka kesho yake. Koma akaamua kuifuata kofia mwenyewe karakana. Alimwambia mkwewe alale na mtoto, akahakikisha dirisha, akalisukuma blanketi uvunguni kwa mguu, akaisogeza simu ya mkwe mbali na kitanda na kuinyamazisha. Kisha akatoka kupitia mlango wa uani, akauvuta kwa upole.

Alipofika getini aligeuka kulitazama paa lake. Bomba lilikuwa limesimama wima kama askari, bila moshi. Tena halikuwa na ule mtetemo wa hewa ya moto unaouona juu ya bati wakati wa jua.

"Safi," alisema.

Lakini neno hilo halikukaa vizuri kinywani. Alitembea nalo. Alipopita soko kichwa kilikuwa kinamgonga. Alipovuka daraja dogo kichwa kikawa chepesi ghafla, kama abiria ameshuka, naye akashangaa ni wapi maumivu yale yalipanda.

Alimkuta fundi karakana anagonga bati, sigara nyuma ya sikio.

"Shikamoo mzee! Nilisema Alhamisi."

"Marahaba. Nilisoma. Nikasahihisha pia."

"Umesahihisha barua yangu?"

"Makosa manne."

"Ndiyo maana watu wakikuona wanavuka barabara!" Fundi akacheka, akanyanyua kofia ya bati, yenye miguu mitatu iliyoungwa na mmoja unaoning'inia. "Hii hapa. Nimalize mguu huu, kesho nikija nalitoa lile gunia, tunaivika, ndipo uwashe moto wako ustarehe."

"Gunia gani?"

"Si lile nililofungia bomba."

Koma aliweka mkono kwenye meza ya kazi. "Bomba si umelifunga?"

"Nimelifunga, ndiyo. Nimesokomeza gunia mdomoni, na juu nikakaza nailoni. Usiku mvua ingeshuka mpaka tumboni mwa jiko, chuma kingeoza. Si nilikuandikia?"

"Uliandika umelifunga!"

"Basi! Nimelifunga!"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amelishika neno lilelile, na kumbe yalikuwa mawili. Nyundo ikashuka polepole mkononi mwa fundi.

"Mzee," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Niambie hujaliwasha."

Koma alikuwa ameshatoa simu. Fundi alikuwa ameshatupa nyundo na anasukuma pikipiki kutoka uani.

Koma alimpigia mkwe, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, amekaa nyuma ya fundi, mkono mmoja umemshika kiuno, mwingine umebana simu sikioni, na ile kofia ya bati, ambayo hakujua ameibeba kwa nini, imebanwa kwapani na kumkata ubavu. Iliita mpaka ikakatika. Mle chumbani ilikuwa inawaka taa tu, kimya, mbali na kitanda. Kanuni ya sita.

"Nani yuko ndani?" fundi alipaza sauti juu ya muungurumo.

"Mkwe na mtoto."

"Wamefungua dirisha?"

"Nimewakataza."

"Mlango?"

"Nimeziba chini kwa blanketi."

Fundi akaongeza mwendo. Baada ya kona ya soko alisema, "Piga kwa jirani basi. Yule fundi cherehani wa mkabala."

Koma hakuwa na namba yake. Aliwahi kuwa nayo. Mwaka juzi mama yule alitundika kibao kipya kilichoandikwa CHELEHANI, na Koma, kwa nia njema, alikisahihisha kwa chaki mbele ya wateja watatu. Mama Cherehani alitoka na mkasi mkononi. "Mzee," alimwambia, "tangu leo wewe una kwako na mimi nina kwangu." Koma aliifuta namba ile jioni hiyohiyo, na akaona ameshinda. Sasa aliipekua simu mbele na nyuma, majina ya wachapaji waliokwisha kufa, majina ya wakutubi, majina ya watu wa vikao, wala hakuwemo mtu hata mmoja aliyeishi umbali wa kupiga kelele kutoka dirisha la chumba kile.

Kidole kile chenye joto. Alikuwa amefurahi! Amekishika akafurahi!

Mahali barabara inapoingia mtaani vibarua walikuwa wamechimba mtaro wa mabomba ya maji, na ubao wa kuvukia ulikuwa wa upana wa mguu mmoja. Pikipiki ikasimama. Koma akashuka kabla haijatulia, akavuka ubao, akakimbia. Miaka ishirini hakuwa amekimbia. Ndara moja ilibaki kwenye udongo. Miwani ikapata ukungu na mtaa ukawa maziwa matupu, na katika maziwa yale alitafuta paa lake na bomba lake safi lisilo na moshi.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi kabisa.

Dirisha la chumba nalo lilikuwa wazi, pazia limepeperukia nje. Blanketi la uvunguni lilikuwa limetupwa katikati ya chumba. Jiko lilikuwa limeachama, tupu, na uani makaa yalikuwa yamemwagwa kwenye karai, bado yanatoa milio midogomidogo. Kitanda kilikuwa kitupu. Simu ilikuwa pale alipoiweka, na kwenye kioo chake ilionyesha amepiga mara tisa.

"Mama mtoto!" aliita. Akaita chumba cha pili, akaita bafuni, akaita hata ndani ya kabati kama mwendawazimu. Akatoka mbio mpaka ng'ambo kwa Mama Cherehani, akapiga mlango kwa viganja viwili. Kufuli kubwa lilitikisika mbele ya uso wake. Duka lilikuwa limefungwa. Siku ile kila kitu kilikuwa kimefungwa, na yeye, mtu wa maneno, ndiye aliyekuwa hajui kufungwa ni nini.

"Wamekimbilia zahanati, mzee," alisema muuza maji aliyekuwa anapita na madumu yake. "Mama Cherehani amembeba mtoto. Mkweo alikuwa anayumba kama mlevi."

"Mtoto alikuwa analia?"

Muuza maji alifikiri. "Sikumsikia," alisema.

Kutoka pale mpaka zahanati ni nyumba kumi na moja. Koma aliwahi kuzihesabu. Safari hii hazikuhesabika.

Walikuwa nje, kwenye benchi la barazani. Mkwe ameegemea ukuta, uso wa rangi ya majivu, beseni miguuni. Nesi amemshika kiwiko. Na Mama Cherehani, futi yake ya kushonea bado inaning'inia shingoni, ameketi wima na kitu kilichoviringishwa kitenge mapajani. Hakikutikisika.

Koma alisimama mbele yao, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna, kofia ya bati kwapani. "Je," alisema. "Je, ni..."

Mama Cherehani alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu mtupu. "Leo mwalimu amekosa neno," alisema. Lakini alipomwona mzee anavyokitazama kile kitenge akalegea, akafunua kitenge. "Tazama mwenyewe. Amelala. Usingizi wa haki huu."

"Alipoletwa haukuwa wa haki," nesi alisema. "Tulimsugua nyayo mpaka akalia, tukampa hewa ya mtungi. Sasa ananyonya. Lakini hawaondoki hapa mpaka jioni, wote wawili, niwatazame."

Koma akainama. Kifua kile kidogo kilipanda, kikashuka. Akangoja. Kikapanda tena. Akaketi chini sakafuni, hapohapo.

"Kichwa kilikuwa kinataka kupasuka, baba," mkwewe alianza kusema taratibu, macho yamefumbwa. "Na usingizi ulikuwa mtamu. Nikamnyonyesha, akakataa, akalegea. Nikakumbuka karatasi ya fundi."

"Karatasi uliitoa wapi?" Lilimtoka tu. Swali la kijinga kuliko yote aliyowahi kuuliza.

"Nilichana Kanuni zako. Kwenye kona, pasipoandikwa kitu." Akafumbua macho. "Ililala kuja kwangu. Basi nikavunja ya nne. Nikavunja na ya tano. Na ya saba, maana makaa niliyatoa mwenyewe, ili hewa ikisafika nimrudishe ndani, baridi ya nje isimpate. Ndipo miguu ikakataa. Nikampigia jirani kelele."

"Ungezivunja zote," Koma alisema. "Ungezivunja kabla sijamaliza kuandika."

Fundi alitokea anahema, ameshika ndara ya mzee. Mama Cherehani akamgeukia. "Na wewe! Unazibaje bomba la watu bila kusema?"

"Nilisema! Niliandika! Mzee mwenyewe shahidi."

Wote wakamtazama Koma. Kalamu nyekundu ilikuwa bado inachungulia kwenye mfuko wa shati.

"Aliandika," Koma alisema. "Nikahesabu makosa manne. La tano lilikuwa langu."

Hapo simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa mwanawe, kwenye saa yake ya mapumziko kule darajani. Koma aliitazama simu, akamtazama mkwe, naye mkwe akatazama pembeni, akamwachia.

"Baba, habari za huko? Hawajambo?"

Neno "hawajambo" lilikuwa tayari ulimini. Lilikuwa sahihi, na lisingemsumbua mtu.

"Tuko zahanati," alisema. "Wanapumua, wote wawili. Nimewasha jiko na bomba limezibwa. Dirisha nililikataza mimi. Sikiliza nikueleze mwanzo mpaka mwisho, usinikatize." Akaeleza.

"Nipe mke wangu," mwanawe alisema mwishowe.

Jioni ile mkwe na mtoto hawakurudi nyumbani. Walipewa kitanda kwa Mama Cherehani, nyuma ya duka, kati ya majora ya vitambaa. "Siyo kwa ubaya, baba," mkwe alisema. "Ni mpaka nione mwenyewe." Koma aliwavusha barabara amebeba beseni, na mlangoni, chini ya kile kibao, aliinamisha kichwa kama mtu anayepita mahali pafupi.

Alhamisi fundi alipanda paa. Alivuta gunia likatoka limeloa, jeusi upande mmoja, akalitupa uani. Kisha zikasikika nyundo, na sauti kutoka juu: "Haya mzee, nimefunga!"

"Umefunga nini?" Koma alipiga kelele kutoka chini. "Umefunga vipi? Sema umeziba au umepachika!"

"Nimepachika! Nimepachika kofia!"

"Na bomba?"

"Nimelizibua bomba!"

"Rudia!"

"Nimelizibuaaa!"

Mtaa mzima ulisikia, na Mama Cherehani alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Koma hakujali. Alipanda ngazi mwenyewe, fundi akimshika miguu, akatia mwanga wa tochi, akaona chini mpaka kwenye jiko.

Waliwasha kidogo tu, dirisha wazi, milango wazi. Mama Cherehani alibaki ng'ambo na mtoto. Mkwe alisimama kizingitini, hakuingia. Koma alichana kona nyingine ya Kanuni, akapiga magoti, akaining'iniza karatasi mbele ya mlango wa jiko.

Karatasi ilitikisika huku na huku. Akaitazama. Ikaenda ndani, ikaja nje, ikazunguka.

"Inasemaje?" fundi aliuliza.

"Sijui," Koma alisema. "Haisomeki."

Ndipo alipoona kwamba jiko halina kosa, ni mkono wake unaotetemeka. Akaushika kwa mkono wa pili. Ikawa yote miwili inatetemeka.

Mkwe aliingia. "Nipe, baba."

Alipiga magoti kando yake, akaishika karatasi kwa vidole viwili, imara, kama anayeshika uzi wa sindano. Ilining'inia. Kisha ikainama, ikalala kuelekea motoni, ikabaki hivyo, imevutwa. Ndani ya bomba kulisikika mvumo mdogo.

"Linavuta," fundi alisema.

"Tena," alisema Koma.

Mkwe akashika tena. Ikalala ndani.

"Tena."

Akashika mara ya tatu, kisha akasimama, akapangusa magoti. "Kesho nitakuja nishike tena," alisema. "Na kesho kutwa. Ndipo nitamleta."

"Sawa, mwanangu."

Walipoondoka Koma alisogeza kigoda, akavaa koti lake zito. Baridi iliingia dirishani ikamkaa mgongoni, joto likamjia kifuani, naye hakuligusa dirisha. Karatasi ilikuwa bado mkononi. Akaining'iniza mbele ya jiko, akaiona inavyotetemeka, akaishusha, akavuta pumzi, akaining'iniza tena.